Mashua Isiyobeba Kitu, na Jinsi Nilivyoizamisha

Ninyi vijana wa Itungi mlioniletea mashua yenu juzi mkataka niwaonyeshe pa kupiga nyundo, mliniona nimekaa tu nikiitazama, mkadhani uzee umenishika. Haukunishika. Nilikuwa natazama nyufa. Kwa kuwa mlikuwa na haraka, mkaiacha mchangani mkaondoka, nawaandikia. Na wengine mnaofunga injini nyuma ya mitumbwi na kupaka rangi za makopo, someni pia. Kazi hii imebadilika vifaa, haijabadilika maji.

Jambo la kwanza ndilo hili: mashua ya mbao ikikauka, usiikimbilie na nyundo. Niliwahi kuikimbilia, na nusura ndugu zangu wagawanywe kwa sababu hiyo.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, pale Mwaya, miaka michache kabla ya vita yao na Waingereza. Palikuwa na Mdachi mmoja mfanyabiashara, mwenye ghala la mpira na nta. Jina lake la kwao lilikuwa gumu mdomoni, tukalipumzisha, tukamwita Bwana Nyundo. Alikuwa na mashua nyeupe ya matanga iliyoletwa vipande vipande kutoka kusini na kuungwa pale pale mchangani. Kazi yangu ilikuwa kuitunza. Haikuwa ya samaki wala ya mizigo. Jumapili Bwana alipanda, akaenda, akarudi.

Akina mama wa Ikombe waliokuwa wakileta vyungu kwa mtumbwi walikuwa wakisimamisha makafi ili wanihoji.

"Ambokile! Hiyo inabeba nini?"

"Inambeba Bwana."

"Inampeleka wapi?"

"Kule katikati."

"Kuna nini kule?"

"Hakuna."

"Halafu?"

"Halafu inamrudisha."

Walicheka mpaka vyungu vikagongana, mmoja akawakemea wenzake wasije wakavunja mali kwa ajili ya upuuzi wa watu wa Mwaya.

Niliipata kazi hiyo kwa sababu nilijua kuchonga mitumbwi. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Ndandalo aliyeshuka ziwani akaoa Mkisi, mfinyanzi wa Ikombe, na wakwe zake wakamfundisha kuchonga mitumbwi kwa tezo. Baba na mama walikufa katika masika moja, kwa homa, baba kwanza kisha mama. Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya misheni. Nilikuwa nimefika kwenye kusoma na kuandika, na hesabu za kujumlisha na kutoa. Kugawanya sikufika. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Tusekile, aliyekuwa anaanza kuota matiti, na wa kiume, Lugano, aliyekuwa bado anang'oka meno ya utotoni. Niliacha shule Jumatatu, na Jumanne nikaenda kwa Bwana Nyundo kuomba kazi.

Kwa desturi yetu, mtu akifa mdogo wake hurithi nyumba, ng'ombe na watoto. Baba mdogo Asegelile, ambaye tulimwita Tata kama tulivyomwita baba, alishuka kutoka Ndandalo baada ya matanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa chini, akala ndizi tulizompikia, akasema Tusekile atakaa na mke wake mkubwa, Lugano atachunga ng'ombe, nami ni mtu mzima nitajitegemea. Nilimwomba atuache pamoja maadamu nina kazi.

"Kazi gani?"

"Kutunza mashua."

"Mashua inakamuliwa?" akauliza. Lakini alitupa muda, akarudi zake mlimani.

Basi ndiyo maana, vijana, mashua ile ilikuwa na uzito kwangu kuliko kwa mwenyewe. Kwake ilikuwa mchezo. Kwangu ilikuwa paa.

Sasa niwaambie habari za Bwana Nyundo na matengenezo yake. Alipenda kutengeneza kwa mkono wake. Pale Mwaya palikuwa na fundi wa kweli, Fundi Sadala, mtu wa pwani aliyepanda na misafara akabaki, akijenga mashua za mizigo. Bwana alimsalimu kila siku na hakumpa kazi hata moja. Alisema fundi ataharibu. Alikuwa na sanduku la vyuma lililong'aa kama altare, na ndani yake nyundo moja kubwa ambayo kichwa chake kilikuwa kimelegea kwenye mpini. Kila kilipolegea, alikigongomea msumari mdogo juu kama kabari. Siku moja kichwa kiliruka, kikapita karibu na sikio langu, kikavunja kioo cha taa. Bwana akaongeza msumari mwingine.

"Nyundo ile," Fundi Sadala akaniambia, "ina misumari mingi kuliko mashua. Kaa upande wa mpini, mtu wa ndizi."

Ndivyo alivyoniita, mtu wa ndizi. Mimi nilimwita mtu wa nazi. Kwa maneno hayo mawili tulifundishana mengi.

Bwana aliweka paa la bati juu ya mashua ili asiungue jua. Chini ya bati ikawa kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Isitoshe, uzito ukahamia juu, na upepo wa mwera ulipovuma mashua ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Kumbukeni: kila kitu mnachoongeza juu, maji yanakipima. Mwera wenyewe ulilimaliza jambo hilo. Ulilichukua bati lote kwa mkupuo, ukalitupa kwenye matete, na mzee mmoja wa pale akaezekea banda la kuku.

Halafu akataka kunywa kahawa ya moto katikati ya ziwa. Nikamwambia dada yangu ni mtoto wa mfinyanzi, atamtengenezea jiko la udongo. Tusekile alilifinyanga vizuri, lenye kingo za kuzuia sufuria isiteleze, akaliweka kivulini.

"Likauke polepole," akaniambia. "Kisha nilichome. Mwambie asilishike kwanza."

Nilimwambia. Jumapili nilipofika, jiko halikuwepo kivulini. Lilikuwa tayari ndani ya mashua, bichi, na Bwana anapuliza moto. Udongo wenye maji ndani, ukiupa moto wa ghafla, hupasuka kama bunduki. Masharubu ya Bwana ya upande mmoja yaliungua. Yeye mwenyewe alicheka, nampa haki yake, na akanyoa upande wa pili ili yalingane. Jiko la pili Tusekile alilichoma Ikombe kwa bibi, tukalikalisha juu ya kisanduku cha mchanga, na lilidumu kuliko vitu vyote vilivyokuwamo. Mkipika ndani ya chombo cha mbao, mchanga chini, na ndoo ya maji karibu na mkono, si karibu na macho.

Jambo la rangi ndilo lililomrudisha Tata Asegelile.

Bwana alipaka mashua upya rangi nyeupe, mara mbili, siku tulivu isiyo na upepo hata wa kutikisa tete. Mtu wa hapa angejua maana ya utulivu ule. Mbali ziwani palisimama kitu kama moshi, kinapanda na kutambaa. Nikasema, "Bwana, kungu." Akadhani namwambia kuna mashua ya moshi inakuja, akachukua darubini.

Kungu mnawajua: vidudu vidogo vinavyotoka majini kwa wingu zima. Walipotufikia hatukuweza kufumbua macho wala mdomo. Walipopita, mashua nyeupe ilikuwa nyeusi, ina manyoya. Bwana aliizunguka mara kadhaa. Watoto wote wa Mwaya wakaja na vikapu, maana kungu ni kitoweo. Wanapondwa, wanafinyangwa mikate, wanaokwa. Tuliwafukuza. Rangi za wakati ule zilikuwa na sumu. Wengi walikimbia. Lugano alijificha upande wa pili, akakwangua kungu wa kujaa kiganja, akaenda kuwaoka nyuma ya nyumba.

Alitapika mpaka jua likazama, na tumbo likamsokota siku zilizofuata. Tusekile alimnywesha maziwa na uji mwembamba. Alipona. Lakini habari ilipanda Ndandalo haraka kuliko mtu.

Tata alikuja na fimbo yake. Hakuketi.

"Nasikia umemlisha mtoto rangi."

"Aliila mwenyewe, Tata."

"Mwenyewe! Ng'ombe akila shamba la mtu, tunamuuliza ng'ombe?"

Alimtazama Lugano, macho yake, ulimi wake, kama anavyotazama ndama. Kisha akasema, "Nitarudi kabla ya mvua. Nikikuta una kazi na jiko linafuka moshi, wabaki. Nikikuta mashua yako imekufa, nawachukua siku hiyo hiyo, wala usinililie."

"Ndaga, Tata," nikasema. Ndivyo tunavyoshukuru, hata kwa maneno kama hayo.

Kiangazi kilipokolea, Bwana Nyundo alipandisha mashua mchangani, akaenda bomani juu milimani kwa shughuli zake. Aliniamuru nizibe maungio yote ya mbao, maana angerudi na wageni wa kwenda Matema kutazama milima. Fundi Sadala hakuwepo. Alikuwa amesafirisha chombo cha mtu upande wa pili wa ziwa.

Mashua ilikaa juani. Mbao zilikauka zikanywea, na kati ya ubao na ubao palionekana mwanga. Mimi nilijua mitumbwi. Mtumbwi ni mti mmoja. Ukipasuka, unaponda magome, unachanganya na utomvu, unashindilia ufa kwa nguvu zako zote, na namna ulivyoshindilia ndivyo itakavyobaki. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilichukua pamba iliyosokotwa na chembeu, ile patasi butu ya kusukumia pamba, nikashindilia kila mwanya mpaka mkono ukaniuma. Nilishindilia nikifikiria fimbo ya Tata. Nilipomaliza, hata ukucha haungeingia. Nilimwita Tusekile aone.

"Imekaza," akasema.

"Imekaza," nikasema, nikajiona fundi.

Bwana akarudi na wageni wawili, bwana na bibi, wenye miavuli na kikapu cha vyakula. Tuliiteremsha mashua asubuhi. Haikuingiza hata tone. Bwana alinipiga begani. Tulipandisha tanga, tukaambaa ufuko kuelekea Matema, maji yakiwa kama kioo na Bwana akieleza mambo kwa lugha yao huku akinyoosha kidole.

Jua lilikuwa limevuka utosi niliposikia sauti chini ya miguu yangu. Ko. Kama mtu anayebisha hodi. Kisha tena, ko, mbele kidogo. Nilidhani ni jiwe. Nilipoinama nikaona kichwa cha msumari kimechomoza kwenye ubao kama jino la mtoto. Wakati nakitazama, cha pili kikatoka.

Mbao zilikuwa zimeanza kunywa maji na kunenepa. Ubao ukinenepa unatafuta nafasi, na nafasi yote nilikuwa nimeijaza pamba. Basi ukasukuma mwenzake, mwenzake akasukuma mwingine, mpaka wa mwisho ukajing'oa kutoka kwenye mbavu za mashua. Maji yakaingia, si kwa kuvuja, kwa kumiminika.

"Nyundo!" Bwana akaita.

"Bwana, usipige—"

Akapiga. Alichukua msumari mrefu kuliko wote sandukuni, akaupiga kwenye ubao uliokuwa tayari umekazwa kupita kiasi, ubao ukapasuka toka mwanzo hadi mwisho. Yule bibi mgeni ndiye aliyefanya la maana: alivua kofia yake kubwa, akaanza kuchota maji bila kuambiwa. Mimi nilishika usukani, nikaielekeza mashua ufukoni, tukakwama kwenye mchanga wa Matema maji yakiwa magotini. Hakuna aliyekufa. Kikapu cha vyakula kilienda zake.

Pale Matema ilikuwa siku ya soko la vyungu. Mitumbwi ya akina mama ilikuwa inarudi na vile vilivyobaki, mingine inashuka hadi Mwaya. Hapakuwa na njia nyingine ya haraka. Mama mmoja, yule yule aliyekuwa akinihoji, alimtazama Bwana aliyelowa, akasogeza vyungu.

"Panda, Bwana. Kaa hapo. Usinyooshe miguu."

Bwana akapanda, wageni wake wakapanda mtumbwi wa nyuma. Yule mama akampakatisha chungu kikubwa. "Shika hiki kisivunjike."

Alikishika mpaka Mwaya, kwa mikono miwili. Njiani yule mama akaniuliza kwa sauti, "Ambokile, leo mtumbwi wangu unabeba nini?" Nami sikuthubutu kucheka.

Tulipofika, Bwana alisema nami kwa Kiswahili chake kifupi. "Wewe Ambo. Mwezi mpya, mashua inaelea, wewe kaa. Haielei, wewe kwenda." Hakupaza sauti. Mwezi ulikuwa umekwisha kuwa mwembamba. Na mtu asiye na kazi kwa Mzungu siku zile alikuwa akikamatwa wakati wowote kwenda kubeba mizigo, akarudi au asirudi. Wadogo zangu wangebaki na nani?

Nilirudi Matema, na mitumbwi miwili ikanisaidia kuikokota mashua hadi Mwaya, ikiwa nusu imezama. Fundi Sadala alikuwa amerudi. Aliizunguka, akaingiza chembeu kwenye mwanya mmoja, akachomoa pamba, ikatoka ngumu kama mfupa. Akainusa.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unaziba mashua au unamzika adui?"

Akaketi juu ya gogo, na pale ndipo nilipopata somo ambalo ninyi mliondoka kabla sijawapa. Aliniambia ubao ni kiumbe kinachokunywa. Mashua kavu haizibwi ikakaza. Unaiwekea pamba kwa mkono mwepesi, unaacha nafasi ya unene wa ukucha, kisha unaizamisha kwenye maji mafupi, unaiacha inywe mpaka itosheke. Itajikaza yenyewe. Kazi yako ni kuziba kile ambacho maji yameshindwa kuziba, basi.

"Kuizamisha, Fundi? Kabisa?"

"Kabisa. Ijaze mawe isihame."

"Bwana akiiona?"

"Hilo," akasema mtu wa nazi, "ni la mtu wa ndizi."

Tulitoa pamba yote. Tulibadili ubao uliopasuka, na Fundi akanikopesha misumari yake ya shaba. Nikaweka pamba upya, safari hii kwa vidole zaidi kuliko chembeu. Kisha nikaisukuma mpaka maji ya kifuani, pale matete yanapokatika, na mimi na Tusekile tukaanza kubeba mawe. Lugano alikaa mbali mchangani. Maji hakuyapenda tangu mamba alipochukua mbwa wa jirani mbele ya macho yake, nami sikumlazimisha.

Mashua ilikuwa imebakiza kingo tu nilipomwona Lugano anasimama na kukimbia. Alikuwa anamkimbilia Tata Asegelile, aliyekuwa anashuka na fimbo na kapu la ndizi.

"Ugonile, Tata," nikamwamkia nikiwa na jiwe kifuani.

Alitazama kingo zikimezwa, mapovu yakatoka, ukabaki mlingoti.

"Unafanya nini?"

"Naizamisha."

"Ni ya nani?"

"Ya Bwana."

"Anajua?"

"Bado."

Aliketi mchangani pale pale. "Kyala wangu," akamwita Mungu. "Nimetembea toka alfajiri kuja kuona kama una kazi. Nakukuta unaipiga mawe."

Nilitoka majini nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka. Nilisema ubao unakunywa, ubao unanenepa, nafasi ya ukucha. Tusekile akaongeza habari za udongo kukauka polepole, jambo lililokuwa kinyume kabisa, tukavurugana. Tata alisikiliza akichora mchangani kwa fimbo. Mwishowe akasema, "Kama mpini wa jembe."

"Tata?"

"Jembe likilegea, mjinga anapiga kabari. Mpini unapasuka. Mwenye akili analilaza mtoni, asubuhi limekamata." Akanitazama. "Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Sikusema kwa sababu sikuwahi kulifikiria. Nililima nikiwa mtoto, na majembe niliyaloweka mimi mwenyewe.

Asubuhi yake Bwana Nyundo alifika na sanduku lake la vyuma, akatafuta mashua, akauona mlingoti unachomoza majini na ndege mnandi amekaa juu yake. Alibadilika rangi. Nilianza kueleza, akanikatiza kwa mkono. Alisema maneno ya kwao, halafu akasema neno moja nililolielewa: "Kwenda."

Tata alikuwa amekaa mlangoni kwetu anakula. Alipaswa kukaa kimya. Neno lile lilimfaa yeye, maana nikikosa kazi lilimpa watoto bila ugomvi, mbele ya mashahidi. Alinyanyuka, akafuta mikono, akaja mpaka kwenye sanduku, akaichukua ile nyundo. Aliitikisa, kichwa kikacheza. Akahesabu kwa kidole misumari iliyogongomewa juu, akanigeukia, akasema kwa Kinyakyusa, "Mwambie mtu huyu kwamba kifaa chake ni mgonjwa, na daktari wake ndiye aliyekidhuru."

Nilitafsiri kwa namna itakayoniacha hai. Nilisema, "Mzee anaomba kuitibu nyundo."

Bwana, kwa kushangaa tu nadhani, hakukataa. Tata aliing'oa misumari ile mmoja mmoja kwa koleo, akakishindilia kichwa kwa kugonga kitako cha mpini juu ya jiwe, akaingia majini mpaka kifuani, yeye mtu wa mlimani asiyejua kuogelea, akailaza nyundo ndani ya mashua iliyozama. Akatoka akiwa amekunja uso.

"Kesho," akasema. Neno hilo la Kiswahili alilijua.

Kesho yake Bwana alikuja bila sanduku. Tata aliitoa nyundo, akampa. Bwana alipiga jiwe. Akapiga tena, kwa nguvu. Kichwa hakikusogea. Aliutazama mpini, akautazama mlingoti kule majini, akautazama tena mpini. Hakusema chochote kuhusu kwenda.

Mashua ilikunywa mpaka mwezi mpya ukakaribia. Tukatoa mawe, tukachota maji, ikapanda. Pembeni palivuja matone machache, Fundi Sadala akayaziba kwa kidole na pamba kidogo huku akiimba. Jumapili Bwana alipanda, akaenda katikati, akarudi. Hakuongeza kitu chochote juu yake kwa muda mrefu.

Nilimuuliza Tata kwa nini aliingilia. Alijibu kwamba hawezi kutazama mtu akiharibu mpini. Kisha akasema, "Nilisema una kazi, wabaki. Una kazi." Akaanza kufunga kapu lake.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kando ya kapu pana mkeka mdogo umekunjwa.

"Wa nani?" nikauliza.

Lugano akainuka nyuma ya mlango. "Wangu, kaka."

"Unaenda wapi?"

"Kwa ng'ombe."

Nilimwambia hapana. Nililisema haraka na kwa sauti kubwa, na nikamshika mkono juu ya kiwiko. Tata alitazama pembeni. "Mimi sikumwita," akasema.

"Kaka," Lugano akasema, "hapa kuna maji kila mahali."

Tusekile alikuwa amesimama na unga wa udongo mikononi. "Mkono wake, Ambokile," akaniambia. "Unamuumiza."

Nikatazama. Vidole vyangu vilikuwa vimezama kwenye nyama ya mtoto. Niliviachia kidogo kidogo. Tusekile akaingia ndani, akatoka na chungu kidogo cha maziwa alichokifinyanga yeye, akakiweka juu ya mkeka. Walipanda njia ya Ndandalo wawili, mzee mbele. Lugano aligeuka mara moja kuona kama tumesimama. Tulikuwa tumesimama.

Alirudi wakati wa mavuno, amenenepa, ana kibuyu begani. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya ng'ombe. Tata alikuwa amemwambia kuwa mashua ile haipakwi mafuta. Mafuta hayo niliyachanganya na chokaa ya makome yaliyochomwa, kama Fundi alivyonifundisha, nikapaka kwenye maungio. Kila kiangazi alileta kibuyu kingine, mpaka vita ikaja, Bwana Nyundo akaondoka. Baada ya hapo alileta kwa ajili ya mashua nyingine nilizotengeneza, miaka yote, mpaka akawa mzee mwenye zizi lake. Tusekile alibaki ziwani, na majiko yake bado yanapika Ikombe. Hatukugawanywa. Tuliachiana nafasi.

Basi, vijana wa Itungi, mkija mkaikosa mashua yenu mchangani, msipige kelele, wala msimwite mjumbe. Ipo matetini, imejaa mawe, wajukuu wangu walinisaidia. Msiitoe mpaka niseme. Nyundo acheni nyumbani. Mkipita Ndandalo, ulizeni kwa watoto wa Lugano, mniletee kibuyu cha mafuta.